Densi Kumi na Moja za Dirishani

Mwalimu wa densi alikuwa ameshaanguka. Tuanzie hapo, maana jinsi alivyoanguka ni aibu tupu. Mtu aliyefundisha watoto kuruka kwa miaka kumi na minne bila kuteguka hata kidole, akaja kujikwaa kwenye kompresa ya friji ambayo mumewe aliiacha kwenye korido ya nyumba yao wenyewe! Jumatatu asubuhi alikuwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka karibu na goti, umelazwa juu ya mito miwili. Kompresa yenyewe ilikuwa bado iko koridoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uso wa kuigusa.

Mumewe, fundi wa friji, alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Sauti ya mkaguzi wa elimu ilisikika chumba kizima.

"Pole sana, Mwalimu. Pole kabisa. Lakini fomu yangu inataka kuona watoto wakifundishwa, haitaki kuona mguu wako. Ni Alhamisi saa nne, au kibali kimekufa."

Simu ikakatika. Kibali cha darasa la densi kikifa, ukumbi wa mtaa unarudi kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti hakuwa mtu wa kuficha: alishasema mbele za watu kwamba anautaka uwe stoo ya viti vya kukodisha. Watoto ishirini na wawili wangerudi kukaa barazani kutazama magari. Na Mwalimu je? Kazi nyingine hakuwa nayo, hakuijua, wala hakuitaka.

"Nitawafundisha mimi," alisema Fundi.

"Wewe?" Mwalimu alimgeukia. "Wewe uliyenikanyaga siku ya harusi mpaka kiatu kikavuka?"

"Ilikuwa zamani hiyo."

"Baba Sindano, ilikuwa zamani na bado kidole kinauma."

Sindano ni binti yao, ana miaka minane, mwembamba hivyo hivyo kama jina lenyewe. Alikuwa amejibanza kabatini akijizuia kucheka. Na mlangoni, beseni la nguo kiunoni, alisimama bibi yake, mama wa Fundi. Kwa miaka sita aliyokaa nyumbani humo hajawahi kuiita kazi ya mkwewe kazi. Aliiita kurukaruka. Mgeni akija kumwulizia Mwalimu, Bibi hujibu, "Ameenda kurukaruka," na kumwacha mgeni afikirie anavyotaka.

"Nitaenda mimi," alisema Bibi.

Walidhani anamaanisha dukani.

Bibi akatua beseni chini, akakaza kitambaa chake cha kichwani, na katika kile kinafasi kati ya kabati na kitanda akaanza kucheza. Alicheza densi ya kwanza, ile ya kuamka. Akaunganisha na ya kumi na moja, ya maji, ambayo Mwalimu aliitunga mwaka jana tu. Mikono ilipanda pale pale ilipotakiwa kupanda, shingo ikafuata mkono bila kuuwahi. Magoti yalilia ka! akayapuuza. Mwalimu alikuwa akiitazama kazi yake mwenyewe, nzima, haijapungua hata kidole, ndani ya mwili wa mwanamke wa miaka sitini na nane ambaye hakuwahi kuisifu hata siku moja.

"Mama," alisema akishika shuka, "umejifunza wapi?"

"Si pale dirishani, nyuma ya ukumbi. Nikimletea Sindano sweta."

"Sweta?"

"Asipate baridi."

Fundi akaanza kupiga hesabu kichwani. Miaka sita. Siku tatu kwa wiki, tangu Sindano akiwa mdogo wa kubebwa kwenda ukumbini na mama yake. Sweta, hata katika ile miezi ya joto ambayo lami inalainika barabarani! Jamani, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kujiuliza.

"Unajua ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Zote. Kumi na moja. Ya saba siipendi, ina kuzunguka kwingi."

Mwalimu akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akajifuta uso kwa foronya. Kisha ualimu ukamrudia.

"Basi nisikilize, mama. Mimi nikifundisha nawatazama watoto. Nikitaka wainue mkono wa kulia, mimi nainua wa kushoto, ili wanione kama wanajitazama kwenye kioo. Wewe ulikuwa nyuma yangu, kwa hiyo umejifunza upande wangu, siyo wa watoto. Watazame muda wote. Ukiwapa mgongo tu, umewavuruga."

"Nani awape watoto mgongo," alisema Bibi akiokota beseni lake, "waniibie?"

*

Jumanne Bibi aliingia ukumbini na rula ya mbao. Warefu nyuma, wafupi mbele, mikono ubavuni. "Moja! Mbili! Wewe, kidevu juu! Tatu!" Na lazima tuseme haki: hatua zilikuwa sahihi zote. Mwalimu mwenyewe asingepata pa kusahihisha.

Kulikuwa na mtoto wa miaka sita ambaye hutembea mikono nyuma kama meneja anayekagua ghala, ndiyo maana wenzake humwita Bwana Mkubwa. Aliinua mkono.

"Bibi, leo hatuulizwi?"

"Kuulizwa nini?"

"Swali."

"Maswali ni ya shuleni. Moja! Mbili!"

Msichana mmoja mnene, wanayemwita Sukari, akaenda upande usio wake, akamgonga jirani. Bibi akamshika bega, akampeleka kwenye kona. "Kaa hapo uwaangalie wenzako." Sukari akakaa. Hakuwaangalia. Aliangalia ukuta, na kwa muda wote uliobaki mgongo wake ulikuwa ukitikisika kidogo kidogo.

Sindano alifika nyumbani kabla ya bibi yake na akamwaga yote. Bibi alipoingia, Mwalimu alikuwa ameketi wima kitandani.

"Mama, Sukari umemweka wapi?"

"Pembeni. Anaharibu mstari."

"Kwangu mimi hakuna mtoto wa pembeni."

"Na wewe uko wapi? Si uko kitandani?"

Fundi akakumbuka ghafla kwamba kuna friji nje inamsubiri. Akaondoka bila hata bisibisi.

Maneno makali yalikuwa tayari kinywani mwa Mwalimu, yamejipanga, na Mungu ndiye anayejua aliyarudishaje. Alisema polepole, "Hatua wamezipata?"

"Zote."

"Na wao wenyewe, uliwaona?"

"Macho ninayo."

"Walikuwaje?"

Bibi alikuwa na ulimi mkali lakini hakuwa mwongo. Aliketi kwenye stuli, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne.

"Kama nguo kwenye kamba," alisema mwishowe. "Wananing'inia tu. Nikichungulia dirishani hawawi hivyo. Kuna kitu unawafanya, na mimi dirishani sisikii, naona tu. Unawafanya nini?"

"Nawauliza. Kwanza wanapasha miili moto, mtoto haruki na misuli ya baridi. Halafu nauliza kitu kimoja. Mlango mzito unafunguliwaje? Hawajibu kwa mdomo, wanajibu kwa mwili, kila mtu jibu lake, na hakuna jibu la kuchekwa. Nawafundisha kuonana. Ukimkaribia mwenzako unatafuta nafasi, husimami. Hatua naileta mwisho, ikija inamkuta mtu yumo ndani."

"Na mstari?"

"Wakionana, mstari unajipanga wenyewe."

"Unachukua muda mrefu hivyo."

"Ndiyo, mama. Unachukua muda mrefu."

*

Jumatano viti vilikuwa vimeshafika. Mwenyekiti alivipanga ukutani kwa minara, vya plastiki, vyeupe, na nusu ya sakafu ikawa imekwenda. "Tunajiandaa tu, Bibi," alisema akipapasa tumbo. "Hatuna haraka na mtu."

Rula Bibi aliiacha nyumbani. Aliwatembeza watoto, akawarusharusha, akawatikisa mpaka mashavu yakawaiva. Kisha akasimama mbele yao na, mtu aliyewahi kumfokea dereva wa lori mpaka akarudi nyuma, akaona haya.

"Haya," alisema. "Mlango... mlango mzito. Unafunguliwaje?"

Lo! Milango ishirini na mmoja ikatokea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Sindano aliusukuma wake kwa ncha za vidole, mwili mzima ukitetemeka kuanzia kisigino. Bwana Mkubwa alibisha hodi kwanza, akangoja, akabisha tena, na uso wake ulimfanya mtu aogope kujua nani yumo ndani. Mmoja alilala chini akachungulia chini ya mlango wake. Bibi aliwatazama akihema. Alisogea kati yao, na alipopita alikwepa milango ile kana kwamba ingemgonga.

Akafika kwenye kona. Sukari alikuwa amekwenda mwenyewe kukaa palepale alipowekwa jana.

"Wewe huna mlango?" Bibi alimwuliza.

Sukari akainuka. Aliukumbatia upepo kifuani, akaugeuzia mlango wake mgongo, akakunja magoti, akausukuma kwa matako polepole, huku shingo imeinama juu ya kile alichokikumbatia ili kisigongwe.

"Mbona unaufungua kwa nyuma?"

"Mikono imejaa, Bibi. Nimembeba mdogo wangu."

Bibi akarudi nyuma mpaka akagusa viti vya mwenyekiti, akateremsha kimoja, akakaa. Alizaa watoto sita. Alifungua milango hivyo hivyo, kwa miaka, na hakuna mtu aliyewahi kusimama akamwona. Leo mtoto wa miaka saba amemwonyesha. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Fungua tena, mwanangu," alisema. "Ninyi wote mtazameni. Fungua tena."

Alipofika nyumbani alisimama mlangoni kwa mkwewe. "Mama Sindano," alisema, "watoto wale..." Akaenda jikoni, na siku hiyo hakula.

*

Alhamisi Mwalimu alipelekwa ukumbini juu ya toroli la kubebea friji. Fundi alimfunga mkanda kiunoni. Njia nzima watu walisimama kumpa pole huku wakiuma midomo, na muuza vocha mmoja akauliza kama bado ana waranti ya dukani. Mwalimu alijikaza kisabuni. Wakamweka kwenye kiti pembeni, kutoka hapo aliwaona watoto na aliyewaongoza pia.

Mpango ulikuwa mwepesi: Bibi awaanzishe densi ya maji akiwatazama, kisha ajitoe pembeni wamalize wenyewe. Saa nne ikafika, mkaguzi hakufika. Saa nne na nusu, hakufika. Mwenyekiti akaanza kuhesabu viti kwa sauti. Watoto walianza kupoa, na Mwalimu akaona heri wacheze tu kuliko misuli ilale. Akamwashiria mumewe. Fundi akabonyeza kitufe, ngoma ikaanza kulia kwenye spika, Bibi akainua mkono.

Hapo hapo mlango wa mbele ukafunguka, nyuma ya Bibi. Mwanamke wa makamo akaingia na mkoba na faili kifuani, akahema, akasema kama anavyosema mtu aliyelelewa:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akaitikia, na kwa kuitikia akageuka. Angefanyaje? Mgeni amemwamkia, mgeni yuko mbele yake. Tangu azaliwe hajawahi kumpa mgeni kisogo, na asingeanza leo. Ngoma ilikuwa inalia, mkono wake ulikuwa juu. Akaendelea kucheza akimtazama mkaguzi, na watoto wakabaki mgongoni kwake.

Bibi alikwenda kushoto, kama alivyojifunza. Watoto wakubwa, ambao densi imeshaingia kwenye mifupa, wakaenda kulia kwao. Wadogo, ambao bado hufuata macho, wakamfuata Bibi kushoto. Kundi likapasuka vipande viwili, na katika densi ya maji mkiisha kutengana mnarudi, mnarudi kwa kasi. Nusu hii na nusu ile, ishirini na wawili, miguu mitupu kwenye nusu ya sakafu, wanakuja kugongana uso kwa uso!

Mdomo wa Mwalimu ulifunguka. Neno moja tu, "Simameni!", na wote wangesimama salama, na fomu ingeandikwa kwamba hawajui. Akakaza meno. Hakuwahi kumfokea mtoto aliye ndani ya densi. Alishika kiti mpaka kucha zikamwuma.

Bwana Mkubwa alikuwa mbele ya wadogo. Alimwona Sindano akimjia. Hakusimama. Alipunguza bega moja, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye ngazi, na Sindano akapita. Sukari alikuwa anafuata, akaona, akageuza mgongo, akaingia katikati ya wawili kinyumenyume bila kumgusa yeyote. Na baada yake wote. Hawakuhesabu, hawakuitana. Mtoto akipita, anayefuata anaiona nafasi ambayo huyu ameiacha na kuijaza, na nyuma yake nafasi nyingine inafunguka. Vikundi viwili vikapita kila kimoja ndani ya kingine mpaka vikatokea upande wa pili vikiwa vizima, na mikono ya wote ikapanda pamoja, ya huku kulia na ya kule kushoto.

Fundi, aliyesimama na rimoti mkononi, alisema "Eh!" Mwenyekiti aliacha kuhesabu. Mwalimu hakuwahi kuona kitu kama kile maishani mwake. Hakukitunga. Hakuna aliyekitunga. Alilia waziwazi, mguu wa plasta umenyooka mbele yake.

Bibi peke yake hakuona chochote. Aliuona uso wa mkaguzi tu, jinsi ulivyobadilika, macho yakimtoka, na akajua ameharibu. Ngoma iliponyamaza aligeuka, akakuta watoto wamechanganyika, hakuna mrefu wala mfupi mahali pake.

"Mheshimiwa," alisema, "kosa ni langu. Nimewapa mgongo, na mwenye somo alinikataza. Watoto waandike vizuri. Mimi niandike vibaya."

"Mama, una cheti cha kufundisha?"

"Sina. Nina watoto sita na magoti mabovu."

Mkaguzi akawageukia watoto. "Ile ya kupishana katikati, nani aliwafundisha?"

Bwana Mkubwa akaweka mikono nyuma. "Hatukufundishwa. Tuliwaona wanakuja, tukawapisha."

"Na sisi tukawapisha wao," alisema Sukari.

Mkaguzi alifungua faili, akasoma, akamwendea Mwalimu pale kitini. "Nina maswali kumi na mawili humu. La tisa linauliza kama watoto wote wanafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nijibu nini?"

Mwenyekiti akakohoa kwa furaha.

"Jibu ukweli," alisema Mwalimu. "Hapana."

Mkaguzi akaandika hapana. Kalamu ilisikika. "Na la kumi. Mtoto jambo likienda kombo, anajua la kufanya?" Hili hakumwuliza mtu. Aliandika mwenyewe, akaandika sana, mistari ikaisha akahamia pembeni mwa karatasi. Kisha akatafuta mahali pa kuegemeza, akavuta kiti kimoja cha mwenyekiti, akaweka fomu juu yake na kupiga muhuri.

"Miaka miwili," alisema. "Na viti hivi vitoke leo, vitakuja kumwumiza mtoto." Simu yake ikaita mkobani. Akaizima, akakikalia kile kiti, na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Watoto," Mwalimu aliita akijifuta uso, "sasa tuifanye makusudi. Nani ataniambia kilichotokea?"

Mikono yote ikapanda. Kelele ikawa kelele. Katika kelele hiyo Mwalimu akamwona mama mkwe wake amechukua mfuko wake na anaelekea mlangoni, taratibu, bila kumuaga mtu.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nyumbani. Zamu yangu imekwisha, wenye somo mwendelee."

"Miaka sita, mama," alisema Mwalimu. "Umesimama nje miaka sita. Kwa nini hukuingia hata siku moja?"

Bibi akamtazama bila hasira, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.

"Hukuniita."

Kila mwanzo wa mwaka Mwalimu huzunguka mtaa mzima akibisha hodi na kuwaomba watu wamletee watoto, hata wale wanaomcheka, hata wale wanaomfungia mlango. Nyumba moja tu hajawahi kuibishia, kwa kuwa ni yake.

"Nakuita," alisema. "Mama, nakuita sasa. Nakuomba."

Bibi akaurudisha mfuko chini, akavuka sakafu, akaingia kati ya Sukari na Bwana Mkubwa, na kwa sauti ndogo ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwake akauliza:

"Nisimame hapa?"

"Popote tu, Bibi," alisema Sukari. "Ila utuachie nafasi ya kupita."